Gari la Umeme na Mshahara wa Mtumishi

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na siku hiyo katika ofisi nyingi za Serikali na katika vyumba vya walimu kazi huanza kwa kuchelewa kidogo. Mwenye gari hupiga hesabu upya. Mwenye pikipiki hunung'unika. Asiye na chombo chochote husikiliza tu, akijua kwamba nauli na bei ya unga zitamfikia baadaye. Ni katika mazungumzo ya namna hiyo ndipo linapozuka jambo ambalo zamani kidogo lingechukuliwa kuwa mzaha: kwamba petroli iachwe, na mtumishi anunue gari la umeme.

Wako wanaolisifu gari hilo kana kwamba linatembea bure, na wako wanaolibeza kuwa ni anasa ya mataifa tajiri isiyoifaa nchi iliyozoea mgawo wa umeme. Wote husema kabla ya kushika kalamu. Jambo lenyewe ni la hesabu, tena hesabu mbili zisizofanana: ya taifa linalonunua mafuta kwa fedha za kigeni, na ya mtumishi anayekopa kwa kukatwa mshahara. Hesabu ya kwanza inaelekea wazi upande wa umeme. Ya pili haielekei hivyo kwa kila mtu, na wafanyabiashara wa magari hawana haja ya kumweleza mnunuzi tofauti hiyo.

Kwa upande wa taifa hapana haja ya maneno mengi. Tanzania haichimbi hata pipa moja la mafuta. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilikuwa kikisafisha mafuta yaliyotoka ng'ambo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hata usafishaji huo ulikoma. Tangu hapo petroli huingia bandarini ikiwa tayari kutumiwa, na thamani yote ya kazi hiyo imebaki kwa wengine. Bei ilipopanda duniani mwaka 1973, na ikapanda tena mwaka 1979, uchumi ulitikisika. Watumishi waliostaafu wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili mafuta yatoshe. Waliokuwa bado shuleni wakati huo wamepata somo lao wenyewe mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoisukuma lita ya petroli kupita shilingi 3,000, na Serikali, kuanzia Juni mwaka huo, ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kuupunguza makali mzigo huo. Fedha hizo zingeweza kujenga madarasa. Ziliishia katika matangi ya magari, na moshi wake ukaishia katika vifua vya watembea kwa miguu.

Umeme, kwa upande mwingine, ni wa nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo fikra yake ni ya zamani kiasi kwamba Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Rufiji, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, lilianza kujengwa mwaka 2019. Mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata mitambo yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Sehemu kubwa ya umeme mwingine hutokana na gesi ya Songosongo na Mnazi Bay. Kila kilometa inayotembezwa kwa umeme huo ni kilometa isiyohitaji dola. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na hakuna tena anayeuliza kama chombo cha umeme kinaweza kufanya kazi katika nchi hii.

Sasa hesabu ya mtumishi. Na achukuliwe mwalimu mmoja wa mjini mwenye gari dogo, ambaye kwa mwezi hutembea kilometa 1,000 kwenda kazini, sokoni na kanisani au msikitini. Gari lake likila lita 7 kwa kilometa 100, na lita ikawa shilingi 2,900, atatumia shilingi 203,000. Gari dogo la umeme, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, litahitaji uniti 17 hivi kwa kilometa 100, yaani uniti 170 kwa mwezi. Muuzaji atamwambia kwamba hizo ni kama shilingi 60,000 tu, na kwa juu juu atakuwa amesema kweli, maana uniti moja ya bei ya kawaida ya TANESCO ni shilingi 292, ambayo baada ya kodi na tozo hufika karibu 357.

Lakini muuzaji hakuiona mita ya mwalimu. Kaya nyingi za watumishi wa ngazi ya chini zimo katika daraja la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Familia inayotumia uniti 60 katika daraja hilo hulipa kama shilingi 7,300. Siku gari linapoanza kuchajiwa katika mita hiyo hiyo, matumizi hupanda hadi uniti 230, daraja la nafuu hupotea, na taa, pasi na jokofu, vilivyokuwa vikilipiwa kwa bei ndogo, navyo huanza kulipiwa kwa bei ya kawaida. Malipo yote yanakuwa kama shilingi 82,000. Kwa hiyo gharama halisi ya gari si 60,000 bali ni kama 75,000. Bado ni nafuu kubwa: mwalimu anaokoa takriban shilingi 128,000 kila mwezi, zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Tena gari hilo halina oili ya injini ya kubadilisha, halina plagi za moto, halina bomba la moshi la kutoboka, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Asiyekiri faida hizi hatendi haki.

Nafuu hiyo, hata hivyo, inategemea kitu kimoja ambacho mnunuzi hakioni kwa macho, nacho ni betri.

Magari mengi ya watumishi hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Mnunuzi wa gari la petroli amejifunza kwa miaka mingi namna ya kulichunguza: husikiliza injini, hutazama moshi, humwita fundi wake. Gari la umeme huwaka kimya na hung'aa hata kama uhai wake umebaki nusu. Mfano mzuri ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, na ambalo matoleo yake ya mwanzo ndiyo rahisi kupatikana katika masoko ya magari yaliyotumika. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 24, na haikuwekewa mfumo wa kuipoza kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako joto ni kali, walilalamika kwamba betri zinapungua nguvu upesi mno, na kampuni ikalazimika kutoa dhamana maalumu ya uwezo wa betri kwa miaka mitano. Dhamana hiyo haimhusu mwalimu wa Temeke anayelinunua gari hilo zaidi ya miaka kumi baadaye.

Likiwa jipya, gari la aina hiyo lilitembea kama kilometa 160 kwa mwendo wa kawaida. Betri ikibaki nusu, ni kilometa 80. Kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze ni zaidi ya kilometa 100. Maana yake ni kwamba mwenye gari hilo hawezi kwenda msibani Morogoro bila kusimama njiani kwa saa nyingi, akimwomba mwenye hoteli amruhusu kuchomeka waya. Betri mpya ni mamilioni ya shilingi, na mafundi wanaoweza kuifungua bila kujidhuru bado ni wachache. Nafuu ya miaka mitatu au minne humezwa siku moja. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, na hapa msemo huo una bei yake kamili.

Ubaya unazidi pale fedha zilizotumika zinapokuwa za mkopo. Mtumishi wa umma hukatwa marejesho moja kwa moja katika mshahara, na utaratibu unataka abakiwe na angalau theluthi moja. Wengi wamekwisha kuufikia mpaka huo kwa ujenzi na ada za watoto. Mkopo wa gari hudumu miaka mitano au zaidi. Betri iliyochoka haitangojea muda huo uishe. Mtu atajikuta analipia gari lililoegeshwa chini ya mwembe, na kupanda daladala kwa kile kilichobaki.

Ushauri kwa anayetaka kununua ni rahisi kuutaja. Asilipe kabla ya kupata kipimo cha uwezo wa betri kilichochukuliwa kwa chombo. Katika Leaf vipo vijistari kumi na viwili kwenye dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri, na kila kinachokosekana ni fedha ya kupunguza katika bei. Ajue betri ni ya aina gani, maana zile za chuma na fosfeti, zinazotumika sana katika magari ya China, huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko nyingine. Aulize pia plagi ya kuchajia haraka ni ya mtindo gani, kwa kuwa Wajapani wana yao, Wachina wana yao na Wazungu wana yao, na kituo chenye mtindo mmoja hakimfai mwenye mwingine.

Lakini si haki kumwachia mwalimu peke yake kazi ya kujilinda. Shirika la Viwango, TBS, lina wajibu wa kusimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini: breki, taa, usukani, matairi. Kwa gari la umeme hayo yote yaweza kuwa mazima na bado mnunuzi akawa ameuziwa ganda. Hapana budi uwezo wa betri upimwe, uandikwe katika cheti, na gari lililo chini ya kiwango fulani lizuiwe lisiingie. Nchi zilizoendelea zitataka kuziondoa betri zao za zamani kwa namna moja au nyingine. Zisipowekewa mlango, zitaletwa hapa zikiwa zimevaa rangi nzuri na magurudumu manne, na gharama ya kuzizika itakuwa ya halmashauri.

Liko pia suala la nyumba. Watetezi wengi wa gari la umeme huandika kana kwamba kila mtu ana banda la gari lenye soketi. Watumishi wengi, hasa vijana, ni wapangaji. Wanaishi vyumba viwili katika nyumba yenye mita moja ya LUKU inayochangiwa na familia nne, na ugomvi juu ya nani ametumia pasi zaidi ni wa kila wiki. (Wapangaji hao hao, tangu mwaka 2021, wamekuwa wakikatwa kodi ya jengo la mwenye nyumba kupitia umeme wanaoununua, nao hawajapata wa kuwarudishia.) Kuingiza gari katika mita ya namna hiyo ni kutangaza vita. Na hata pale mita ni ya mtu mmoja, nyaya za nyumba nyingi hazikuwekwa kwa ajili ya chombo kinachovuta kilowati mbili au tatu kwa saa nane mfululizo. Soketi huyeyuka. Fundi umeme aliyesajiliwa aitwe kwanza, gari lije baadaye.

Juu ya uhakika wa umeme wenyewe, mashaka ya wananchi yana msingi. Mgawo wa mwaka 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 haujasahauliwa. Bwawa la Nyerere limebadili hali ya uzalishaji, ila umeme kuzalishwa ni jambo moja na kumfikia mtu ni jambo lingine. Aprili 2024, wakati mitambo ya Rufiji imekwisha kuanza kazi, Gridi ya Taifa ilizimika na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Machi 2025 Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu kuusafirisha kutoka kusini hadi huko kunapoteza mwingi njiani. Mwalimu wa Arusha au wa Rombo hana budi kuyazingatia hayo. Tena gari la petroli humngojea mwenyewe usiku kucha likiwa na tangi lake. La umeme, ukikatika usiku, asubuhi humngoja likiwa tupu.

Majirani wamekwisha kuchagua njia zao. Ethiopia, yenye mabwawa makubwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, ilitangaza Januari 2024 kwamba haitaruhusu tena kuingizwa kwa magari madogo ya petroli na dizeli. Ni hatua ya ujasiri, ingawa kuifuata kabla ya vituo na mafundi kuenea kungewaumiza wengi. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, nafuu zaidi saa za usiku, wakati viwanda vimelala. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria katika Kigali zisajiliwe za umeme pekee, na waendeshaji wake hawangojei kuchaji: hufika kituoni, hubadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa, wakaondoka.

Mfano wa Kigali ndio wenye mafunzo zaidi. Faida ya umeme inakuja kwa kila kilometa inayotembezwa. Gari la mtumishi hutembea asubuhi, hukaa siku nzima juani, hutembea tena jioni. Bodaboda, bajaji na daladala hutembea kutwa. Shilingi ya nafuu ya kodi, au dola ya kununulia vyombo vipya, ikiwekwa katika bajaji moja ya umeme inaokoa mafuta mengi kuliko ikiwekwa katika gari la mkurugenzi, na nafuu yake inamfikia dereva anayelala na njaa siku petroli inapopanda. Baada yao yafuate mabasi ya mijini, kisha magari ya Serikali yenyewe. Ni vigumu kumwelewa ofisa anayewahimiza walimu wabadilike huku akishuka katika shangingi la dizeli lililoachwa likinguruma nje ya ukumbi ili kiyoyozi kisizime.

Pale ambapo gari dogo la umeme linamfaa mtumishi, Serikali inaweza kumrahisishia bila gharama kubwa. Mji wa Serikali wa Mtumba uko yapata kilometa 17 kutoka katikati ya Dodoma. Maelfu ya watumishi huenda na kurudi kila siku, mwendo ule ule, na magari yao hukaa katika maegesho ya wizara tangu asubuhi hadi jioni. Hata betri iliyopungua ingeutosha mwendo huo. Soketi zenye mita zikiwekwa katika maegesho hayo, mtumishi akalipia uniti zake kwa simu, tatizo la mpangaji asiye na mita yake lingekwisha, na daraja lake la nafuu nyumbani lisingeguswa. Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vya ualimu vyaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa mwalimu wa Namtumbo au Kakonko, mwenye kilometa za vumbi na matope kati yake na mkaguzi wa shule, pikipiki ya petroli itabaki kuwa chombo cha busara kwa muda, na asione haya.

Limebaki suala la barabara, ambalo mashabiki wa umeme hawapendi kulizungumza. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa katika ushuru wa kila lita ya mafuta, mafuta ya taa yakiwemo. Mwaka 2021 shilingi 100 nyingine ziliongezwa katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Mfuko wa Barabara wote umejengwa juu ya lita. Gari la umeme halinunui lita, ila linakanyaga lami ile ile, tena kwa uzito mkubwa zaidi kwa sababu ya betri. Leo ni machache na hasara haionekani. Yakiwa mengi, na yakianza kwa wenye uwezo kama ilivyo desturi, mama wa kijijini anayenunua mafuta ya taa kwa kibaba atakuwa anachangia zaidi ya mwenye gari la umeme wa Masaki. Kulitoza gari la umeme tangu siku ya kwanza kungeliua kabla halijazoeleka. Msamaha wa miaka mitano, uliotajwa mwanzo na mwisho wake katika sheria, kisha ada ya mwaka kulingana na uzito wa gari, ungemwezesha mnunuzi wa leo kuiingiza ada hiyo katika hesabu zake kabla hajatia sahihi fomu ya mkopo.